Jinsi ya Kupanga na Watu wa Mtaa Kabla Maji Hayajaingia Ndani

Mtu wa Kigogo au Magomeni Mzimuni hahitaji kuambiwa kwamba mto Msimbazi hufurika. Anajua maji huanzia mlango wa nani, hupanda kwa kasi gani usiku, na ni jirani yupi aliyejenga ukuta juu ya njia ya maji. Kinachomshinda ni kuuona ujuzi huo ukiingia kwenye ramani na bajeti ya halmashauri. Mwongozo huu umeandikwa kwa mwenyekiti wa mtaa, mjumbe wa kamati, kiongozi wa kikundi cha vijana au mkazi yeyote anayetaka kuifanya kazi hiyo. Nimeuandika nikiitazama Dar es Salaam, mji uliokuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, lakini mwenye mtaa wake Tanga au Mwanza ataona mengi yanamhusu.

Kwa nini kuhangaika na ushirikishwaji wakati mvua haimsubiri mtu? Kumbuka Desemba 2011. Mvua za kuelekea Krismasi ziliua watu wapatao 40 jijini, na serikali ikawapa waathirika wa Jangwani, Suna na maeneo jirani viwanja Mabwepande, mbali kaskazini mwa jiji. Kiwanja kilikuwa kikavu, hilo halina ubishi. Lakini anayeishi kwa kibarua cha Kariakoo hupimia makazi kwa nauli pia, na baadhi ya waliohamishwa walirudi bondeni. Mpango ulijibu swali la maji peke yake, huku wenyewe wakiwa na maswali mengine matatu au manne ambayo hakuna aliyeyauliza mapema. Hatua zote zinazofuata zinazunguka hapo: nani aulizwe, aulizwe lini, na jibu lake liende wapi.

Anza na kalenda, halafu milango

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na halmashauri huandaa bajeti yake miezi mingi kabla. Ukipeleka ombi la mtaro mwezi wa Aprili maji yakiwa sebuleni, utapewa pole na labda viroba vya mchanga. Kusanya maoni kuanzia Julai hadi Septemba, wakati wa ukavu. Vuli ya Oktoba hadi Desemba itumie kama jaribio la mlichokusanya, na hoja zifike kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla madiwani hawajakaa kwenye bajeti. Masika ya Machi hadi Mei yakikukuta bado unaunda kamati, basi mwaka huo umepita.

Milango nayo ina wenyewe. Watu wengi hupeleka kila kitu kwa mwenyekiti, na mwenyekiti hupeleka kila kitu kwa diwani, kumbe vitu hivyo vina wamiliki tofauti. Kalavati na mtaro wa barabara ya mtaani ni wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Barabara kuu ni ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Bomba la majitaka lililopasuka ni la DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya Dar es Salaam. Mto wenyewe uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingoni unagusa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Taka zinazoziba mtaro ni jukumu la halmashauri pamoja nanyi wenyewe. Andika orodha hiyo kwenye karatasi moja, jaza majina ya ofisi na namba za simu za kazi, kisha ibandike ofisi ya mtaa. Utashangaa ni malalamiko mangapi yatapata njia kwa karatasi hiyo tu.

Mlango mwingine ni Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, inayotambua kamati za maafa hadi ngazi ya mtaa. Msianzishe kamati mpya pembeni kama hiyo ipo kwenye makaratasi. Ifufueni.

Kikosi kidogo, chenye wapangaji

Kwa kikosi cha kuzunguka na kukusanya maoni, watu wanane hadi kumi wanatosha. Kosa la kawaida ni kukijaza kikosi wenye nyumba, kwa sababu ndio wanaojulikana ofisini. Uswahilini wakazi wengi ni wapangaji, na mara nyingi mpangaji ndiye analala kwenye chumba kinachoingia maji wakati mwenye nyumba anaishi Mbezi au Chanika. Weka wapangaji wawili au watatu. Ongeza mama lishe au muuza genge (huyu huona kila mtu kila siku), dereva wa bodaboda, mzee aliyekuwepo mvua za El Niño za 1997 na 1998, mtu mwenye ulemavu au anayemlea, na mmoja wa kikundi cha usafi. Mtendaji wa mtaa awe karibu, lakini asikiendeshe.

Kuhusu mabalozi wa nyumba kumi, niseme wazi. Wana mtandao mzuri na wanaijua kila kaya, lakini balozi ni kiongozi wa chama. Wakazi wa vyama vingine, na wale wasiotaka siasa kabisa, taarifa ikipita kwa balozi peke yake hawataipata au hawataiamini. Mtumie, ila isiwe njia pekee.

Na posho? Itaulizwa siku ya kwanza. Kama hakuna fedha, sema hakuna, siku hiyohiyo. Kama kuna mradi unaolipa nauli, kiasi kitajwe mbele ya wote. Kikosi huvunjika kwa siri ya posho kuliko kwa ukosefu wake.

Zunguka kabla ya kuita mkutano

Hapa ndipo pa kutumia muda wenu mwingi. Mkutano mkuu wa mtaa una nguvu kisheria, na mkazi yeyote mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ana haki ya kuwemo. Lakini ukiitishwa saa nne asubuhi siku ya kazi, watakaokuja ni wazee, wastaafu na wenye shida ya barua. Mama wa chapati yuko kwenye jiko, kijana yuko Kariakoo, dada wa kazi hana ruhusa ya kutoka. Kwa hiyo wafuateni walipo: kijiwe cha bao baada ya alasiri, saluni Jumamosi, kikao cha vikoba, kituo cha bodaboda, foleni ya maji, msikitini baada ya swala na kanisani baada ya ibada. Wawili wawili, mwanamke na mwanamume, daftari mkononi, nusu saa kila mahali.

Swali likiwa baya, jibu litakuwa la bure. Ukiuliza "Je, mnaathirika na mafuriko?" utajibiwa ndiyo, na hapo hujajua kitu. Uliza mambo yanayoshikika: Mara ya mwisho maji yaliingia saa ngapi, na yalitokea upande gani? Yalikufika wapi, kwenye kifundo cha mguu, goti, kiuno au kifua? Ulitoka na nini, ukaacha nini? Ulilala wapi usiku ule, na nani alikukatalia? Nani alikuambia mvua inakuja, na ulimwamini? Kipimo cha mwili kinafaa kuliko mita, kwa sababu kila mtu anakumbuka maji yalimgusa wapi.

Swali moja wengi huliona aibu, nalo ndilo linalofichua hatari kubwa: choo. Mvua ikinyesha baadhi ya watu hutapisha vyoo, yaani hufungulia shimo ili maji ya mvua yabebe kinyesi. Maji yaleyale huingia kwa jirani, na kipindupindu kinafuata. Hutasikia hili kwenye mkutano wa hadhara. Mwanamke atamwambia mwanamke mwenzake uani, na ataeleza na sababu: gari la kunyonya halifiki kwenye kichochoro, au bei yake inamshinda. Sasa una hoja ya kupanga, maana faini ya kutapisha choo haiwezi kupanua kichochoro.

Ramani, na hofu ya alama ya X

Ukionekana mtaani na karatasi na futi ya kupimia, kuna watu watafunga milango. Wana sababu. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 nyumba nyingi za bonde la Msimbazi ziliwekewa X nyekundu na kubomolewa, na waliopima walikuwa wametangulia. Basi, kabla ya kuchora mstari wowote, tangaza mambo matatu: ramani ni ya nini, nani atabaki nayo, na kitu gani hakitaandikwa. Msiandike majina ya wenye nyumba. Msiandike nani ana hati na nani hana. Na msiahidi kwamba ramani itamkinga mtu na bomoabomoa, kwa sababu hamna uwezo huo. Mkiulizwa kama inaweza kutumika vibaya, jibuni kwamba inaweza, ndiyo maana wakazi wenyewe ndio waamue kinachoingia.

Kuchora kwenyewe si kazi ya kompyuta kwanza. Tafuteni uwanja, chora mto na barabara kwa majivu au chaki, watu waweke vijiti na mawe: hapa daraja la miti, hapa kalavati lililoziba, hapa kifusi kilichojazwa hadi maji yakageukia kwa wengine. Watoto wa shule waachwe nao waweke vyao. Wao ndio wanaovuka mto asubuhi, na wanajua mahali pa kuteleza.

Kisha mtembee njia yote ya maji, kutoka juu kwenda chini, mkihakiki kilichochorwa. Baada ya hapo ndipo teknolojia iingie. Dar es Salaam ina bahati hapa. Mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi kuweka mitaa, mitaro na majengo kwenye OpenStreetMap, ramani ya wazi ambayo yeyote anaweza kuifungua bure. Huenda mtaa wenu umo tayari. Chapisheni kipande chenu kikubwa, rudini nacho uwanjani, rekebisheni kwa kalamu, kisha kijana mwenye simu nzuri aingize marekebisho.

Nakala moja ibaki ukutani ofisi ya mtaa, nyingine iende kwa afisa mipangomiji wa manispaa. Ikipelekwa manispaa peke yake, wakazi wataiona tena siku itakapowageuka.

Mkutano wa kuamua

Mkutano huu uitwe Jumapili alasiri au jioni yenye mwanga, tangazo likiwa limetangulia siku saba. Sasa hauwi wa kukusanya malalamiko, kwani yameshakusanywa, unakuwa wa kuchagua. Tundikeni ramani. Someni mliyosikia vijiweni bila kumtaja mtu. Halafu gawanyeni watu makundi madogo: wanawake peke yao, vijana, wapangaji, wazee, walio ukingoni mwa mto. Mwanamke aliyenyamaza mbele ya watu mia mbili huongea kwenye kundi la watu kumi na wawili. Kila kundi lipewe punje za mahindi, liziweke kwenye mambo linayotaka yatangulie. Chagueni mambo matatu tu. Orodha ya mambo kumi na tisa inampa mtu wa bajeti nafasi ya kuchagua rahisi na kukuambia amekusikia.

Ugomvi utatokea. Kuna aliyejenga choo juu ya mtaro, kuna aliyepandisha kiwanja kwa kifusi, na kuna wachimba mchanga wanaokula kingo za mto. Mwenyekiti asiugeuze mkutano kuwa mahakama. Kazi ya siku hiyo ni kukubaliana njia ya maji ipite wapi. Anayeiziba afuatwe baadaye na wazee wawili na mtendaji, kwa staha, na ramani mkononi.

Gawa kazi, andika, gonga mhuri

Mambo yaliyochaguliwa yapangeni kwa uwezo. Kuzibua mtaro, kukubaliana siku ya taka, kuweka mtu wa kuangalia daraja: hayo ni yenu, na yaanze wiki hiyohiyo ili watu waone kitu. Mfano si wa kubuni. Miaka ya 1990 wakazi wa Hananasif, Kinondoni, walishiriki kwa mikono yao kujenga mitaro na barabara za mtaa wao, wataalamu wakiwasaidia upimaji. Kalavati, njia ya gari la kunyonya vyoo na bwawa la kuzuia maji huko juu si vyenu. Hayo yaandikiwe barua.

Barua iwe ya ukurasa mmoja: tatizo, kaya ngapi, picha mbili, kipande cha ramani, ombi moja. Iambatane na muhtasari wa mkutano wenye sahihi na orodha ya mahudhurio. Ipitie kwa mtendaji wa kata iingie ajenda ya Kamati ya Maendeleo ya Kata. Na hili msilisahau: nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Ofisi hubadilisha watu, na mtu mpya atakuambia hajawahi kuona kitu. Mhuri unamaliza mjadala. Mkitaka kujua kama ombi limeingia kwenye bajeti, hudhurieni kikao cha baraza la madiwani. Vikao vya kawaida viko wazi kwa wananchi, mkae nyuma msikilize.

Taarifa ya mvua: igeuze kuwa kitendo

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu, na hali ikichafuka hutoa angalizo, tahadhari au tahadhari kubwa. Tatizo si kwamba taarifa haifiki. Inafika kwenye simu za wengi, ikiwa imetaja mkoa mzima, na mkazi anabaki kujiuliza afanye nini. Daraja la mwisho kati ya utabiri na mlango wa mtu ni lenu. Andaeni ujumbe mapema, mkijaza siku tu:

"Kesho Jumanne na keshokutwa mvua kubwa inatarajiwa. Kaya za chini ya barabara: leo kabla ya saa kumi na mbili jioni pandisheni godoro, vyeti na dawa. Zimeni umeme kwenye swichi kubwa maji yakifika mlangoni. Maji yakigusa alama nyekundu ya darajani, tokeni kwenda shule ya msingi, geti la nyuma liko wazi. Imetoka kamati ya mtaa."

Kila neno humo lina mtu nyuma yake. Geti liko wazi kwa sababu mlishaongea na mwalimu mkuu na mnajua nani anashika ufunguo usiku. Alama ya darajani mliipaka rangi wenyewe, kufuatana na kimo ambacho wakazi walisema kikifika, baada ya muda mfupi maji huingia. Kundi la WhatsApp ni zuri, lakini mzee asiye na simu janja halimfikii, na wakati wa mvua chaji na mtandao hukata. Wekeni mnyororo wa watu: kila mmoja anagonga milango mitano, na anayemgongea kiziwi au mgonjwa anajulikana kwa jina. Ombeni spika ya msikiti. Filimbi ni ya bei ndogo na haihitaji umeme. Namba ya Zimamoto na Uokoaji, 114, iandikwe ukutani kwa rangi.

Kwa mtaa wa bondeni, namba ya simu yenye thamani kuliko zote ni ya mtu wa juu. Msimbazi hushuka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe, na maji yanaweza kuja huku kwenu jua likiwaka. Mtafuteni mwenyekiti mwenzenu wa Gongo la Mboto au Pugu, mkubaliane kwamba mto ukijaa kwake anapiga simu.

Uvumi nao utakuja: bwawa limepasuka, serikali inagawa milioni, tetemeko saa nane usiku. Msiukemee tu. Mtu mmoja ajulikane kuwa ndiye wa kuulizwa, ajibu kwa sauti yake mwenyewe kwenye kundi, na akiwa hajui aseme anauliza.

Fanyeni zoezi moja kabla ya vuli, bila kutangaza saa. Mtagundua ufunguo wa geti haupo.

Mradi mkubwa ukija

Bonde la Msimbazi sasa lina mradi mkubwa wenye fedha za Benki ya Dunia, uliotokana na mpango ulioandaliwa kwa vikao vya pamoja vya wataalamu, taasisi na wakazi kuanzia 2018. Miradi ya namna hii huja na mikutano yao, fomu zao na wataalamu wao, na mtaa uliofanya hatua za hapo juu huingia ukiwa na ramani yake mkononi. Ulizeni mambo haya na mtake yaandikwe kwenye muhtasari: tarehe ya mwisho ya kuhesabu wanaoathirika ni ipi? Mpangaji anapata nini? Biashara ya kibanda inahesabiwaje? Fidia italipwa kabla au baada ya kuhama? Malalamiko yanapokelewa wapi, na yanajibiwa kwa siku ngapi?

Wakiwaambia watu wenu ni wengi mno kushirikishwa, watajieni Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi. Eneo lile lilitangazwa kuwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017, likiwa na kaya zinazokaribia laki moja. Walianzia chini kabisa: kaya kumi kumi zilikaa na kumtoa msemaji wao, na wasemaji hao wakakutana ngazi ya juu yake. Mpango uliotoka hapo ulitangulia kazi za barabara na majitaka zilizofuata.

Mrejesho, na masika yakishapita

Tengenezeni bango mbele ya ofisi lenye safu tatu: tuliomba nini, tumejibiwa nini, nani anafuatilia. Jibu la kukataliwa liandikwe pia. Watu huvumilia "hapana" yenye sababu, lakini hawarudi mara ya pili kwenye mkutano ambao wa kwanza wake haujawahi kuleta habari.

Mvua kubwa ikishanyesha, mwende na ramani ndani ya wiki moja. Mstari wa tope kwenye ukuta huoshwa au kupakwa chokaa haraka, na ndio ushahidi bora mtakaopata wa kimo cha maji. Pigeni picha mkiwa mmesimamisha mtu au fimbo pembeni ili kimo kionekane, andikeni tarehe, na muulizeni mwenye nyumba tena ni nani alimwamsha.